Bernard Lyot, Mtu Aliyelifunika Jua

Wengi wenu mmesoma habari za Wazungu waliokuja zamani kutafuta chimbuko la mto Nile, na jinsi walivyoteswa na homa na njaa. Mimi nataka kuwaeleza habari za mtu mwingine ambaye hakuja kutafuta mto wala nchi, lakini safari yake ya mwisho katika dunia hii ilikuwa katika bonde la mto huu huu upitao Pakwach.

Jina lake Bernard Lyot, Mfaransa. Kwa watu wa elimu ya nyota jina hilo hutajwa kila siku, kama seremala atajavyo randa. Akitokea mtu anayejaribu kupiga picha ya sayari inayozunguka nyota jirani na jua letu, mara nyingi ndani ya chombo chake mna kipande kidogo kiitwacho kizuizi cha Lyot. Hata hivyo Bwana Lyot mwenyewe hakupata kuona sayari ya namna hiyo, wala siyo aliyokuwa akiitafuta. Yeye alikuwa akilitafuta taji la jua.

Alizaliwa Paris tarehe 27 Februari 1897. Baba yake alikuwa daktari wa kupasua, akafa mtoto angali na umri wa miaka saba. Kijana akakua akipenda vyombo vya ufundi, akapata darubini ndogo na kuanza kutazama mbingu usiku. Lakini shuleni hakusomea nyota, alisomea umeme. Alipomaliza, kwenye mwaka 1918, akapata kazi ya kumsaidia mwalimu mmoja wa fizikia, Alfred Pérot, katika chuo cha École Polytechnique. Mwaka 1920 akaingia katika kituo cha kutazamia nyota cha Meudon, nje kidogo ya mji wa Paris, na kituo hicho kikawa kwake kwa maisha yake yote. Mambo haya nayataja kwa sababu wako wenzetu wadhaniao kwamba mtu lazima aanze kazi yake na cheti cha kazi hiyo hiyo mkononi.

Kazi iliyompa sifa kwanza ilihusu mwezi na sayari za jua letu. Nuru ya jua ikipiga kitu na kurudi, mawimbi yake hupangika kwa namna fulani, na namna hiyo hutofautiana kwa kadiri ya kitu chenyewe: jiwe lina namna yake, unga una yake, mawingu yana yake. Bwana Lyot aliunda chombo cha kupima tofauti hizo hata zikiwa ndogo mno. Akapima vitu vya duniani vya aina nyingi, mawe na mchanga na majivu ya volkano, akalinganisha na nuru ya mwezi. Akaona ya kuwa uso wa mwezi wafanana na majivu ya volkano, yaani umefunikwa vumbi. Hayo aliyatoa katika kitabu chake cha shahada ya udaktari mwaka 1929. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1969, Wamarekani walitua mwezini, na nyayo za viatu vyao zikaacha alama katika vumbi hilo.

Sasa nije kwenye taji la jua. Wazee waliosoma hapa zamani wanaikumbuka vizuri tarehe 3 Novemba 2013; sisi tulio darasani leo tulikuwa watoto, tukaambiwa tusitazame juu. Siku hiyo jua lilipatwa, na kule Pakwach likafunikwa lote. Wageni walitoka nchi za mbali wakaja kusimama pale kwa ajili ya giza lisilotimiza hata dakika moja. Basi, jua likiwa limefunikwa lote hivyo, huonekana mwanga mweupe, laini kama manyoya, umelizunguka pande zote. Hilo ndilo taji. Halizaliwi wakati wa kupatwa; lipo daima, asubuhi na mchana, ila hatulioni, kwa sababu mwanga wake ni kama sehemu moja tu katika sehemu milioni za mwanga wa jua lenyewe.

Wataalamu wa zamani walikuwa na shida kubwa. Kupatwa kukamilifu hakuzidi dakika saba na nusu popote duniani, na mara nyingi ni dakika mbili au tatu. Mtu alivuka bahari miezi mingi, akasimamisha vyombo vyake, kisha wingu moja likapita mbele ya jua, na safari yote ikawa bure. Hata waliobahatika, ukijumlisha dakika walizolitazama taji maisha yao yote, hazikutimiza muda wa vipindi viwili vya darasani. Utajifunza nini juu ya mtu ambaye umemwona kwa muda mfupi hivyo?

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: kwa nini tusilifunike jua kwa kiganja, tukaliona taji? (Tafadhali usijaribu, jicho likiungua halina jingine la kununua.) Jibu ni kwamba kiganja kipo ndani ya hewa. Hewa iliyo mbele ya kiganja bado imejaa nuru ya jua, nayo ndiyo inayofanya anga ing'ae. Mwezi uko nje ya hewa, mbali kabisa, na kivuli chake hulala juu ya hewa yenyewe, nayo ikawa giza. Ndiyo maana kiganja hakiwezi kufanya kazi ya mwezi.

Wengi walijaribu kuwa na mwezi wa kutengeneza. Mmarekani George Ellery Hale, mtaalamu mkubwa sana, alipanda mlima Pikes Peak mwaka 1893, na mwaka uliofuata akapanda Etna, mlima wa moto wa Italia, ili awe juu ya hewa nzito. Hakuliona taji. Baada ya watu wa namna hiyo kushindwa, ilikuwa kama imeamuliwa kwamba jambo hili haliwezekani. Lawama yote ilitupiwa anga.

Bwana Lyot hakuikubali lawama hiyo bila kupima. Alipima mwanga wa anga karibu na jua, akaona ya kuwa juu ya mlima, siku ya hewa safi, anga si ang'avu kiasi cha kulimeza taji. Basi mwanga unaoliharibu jambo watoka wapi? Akatazama ndani ya darubini yenyewe. Adui alikuwa humo.

Msomaji wa huku atanielewa upesi nikimkumbusha barabara ya Koboko wakati wa kiangazi. Lori likija Arua jioni na kioo chake cha mbele kimejaa vumbi jekundu, jua likikipiga kile kioo ubavuni, dereva haoni kitu. Barabara ipo, watu wapo, baiskeli zipo, lakini kila chembe ya vumbi imekuwa taa ndogo mbele ya macho yake. Akisimama akakipangusa, barabara inarudi. Darubini za watu wale wakubwa zilikuwa kama kioo kile. Vumbi kidogo, mkwaruzo, povu dogo ndani ya kioo, kila kimoja kilitawanya nuru ya jua, na taji likapotea katika mng'ao huo.

Kwa hiyo akaanza kufanya usafi. Darubini nyingi huwa na lenzi mbili zilizounganishwa au kioo cha kuakisi. Yeye akatumia lenzi moja tu mbele, ya kioo kisicho na mapovu, iliyosuguliwa kwa uangalifu mkubwa, kwa maana kila uso wa ziada ni mahali pengine pa nuru kutawanyika. Kuta za ndani za bomba la darubini akazipaka mafuta mazito, ili vumbi lililo ndani linase humo lisirudi kwenye lenzi. Mahali taswira ya jua inapojichora akaweka kisahani cha chuma, kikubwa kidogo kuliko taswira. Kisahani hicho ndicho kilichokuwa mwezi wake.

Lakini bado. Nuru ipitapo ukingoni mwa kitu hupinda kidogo, kama mawimbi ya maji yapindavyo yakipita nguzo ya daraja. Ukingo wa lenzi ya mbele ulikuwa uking'aa kama pete, na nuru ya pete ile ilipita kando ya kisahani ikaenea kila mahali. Usafi wa namna gani utauondoa ukingo? Lenzi isiyo na ukingo haipo. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, akili ya mtu huyu inapodhihirika kuliko mahali pengine popote. Nyuma ya kisahani aliweka lenzi ya pili, ambayo kazi yake ilikuwa kuchora taswira ya lenzi ya kwanza, pamoja na ile pete yake ing'aayo. Juu ya taswira hiyo akaweka bamba lenye tundu, tundu dogo kidogo kuliko taswira. Pete ikagonga chuma ikaishia hapo. Nuru ya katikati, iliyobeba taji, ikapita. Bamba lenye tundu! Ndicho kizuizi cha Lyot nilichokitaja mwanzo, na chombo chote kikaitwa koronagrafu.

Mwaka 1930 akakipeleka chombo hicho Pic du Midi, kilele cha milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa, kimo chake kama mita 2,877. Ukilinganisha na Ruwenzori yetu si kitu, lakini theluji huko ni nyingi, na siku hizo vitu vya kituo vilipandishwa kwa mabega ya wapagazi. Alingoja siku ambazo upepo umesafisha hewa. Mwaka huo huo akaliona taji la jua, jua likiwa zima mbinguni, hakuna mwezi uliokuwa karibu nalo. Mwaka 1931 akalipiga picha. Jambo walilolifuata watu kwa merikebu na ngamia, sasa mtu mmoja aliweza kulifanya siku baada ya siku, akipenda, baada ya kunywa chai.

Matunda yalifuata. Alipima kwa usahihi rangi za mwanga wa taji, akavumbua nyingine zisizojulikana. Kulikuwa na rangi moja ya kijani iliyowasumbua wataalamu tangu mwaka 1869, hata wengine wakadhani kuna madini ya ajabu huko ambayo duniani hayapo. Katika miaka ya 1939 hadi 1942 Mjerumani Walter Grotrian na Mswidi Bengt Edlén wakaonyesha kwamba ni chuma cha kawaida, ila kimechomwa mno. Taji la jua lina joto la zaidi ya digrii milioni moja, hali uso wa jua hauna hata digrii 6,000. Vipimo vya Bwana Lyot vilisaidia sana katika kulitegua fumbo hilo. Yeye mwenyewe aliunda pia kichujio cha kupitisha rangi moja tu ya nuru, akatengeneza sinema za ndimi za moto zinazoruka juu ya jua, na watu wakaona jinsi zinavyoinuka na kuanguka. Mwaka 1939 akaingizwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na mwaka huo huo Waingereza wakampa medali ya dhahabu ya chama chao cha kifalme cha elimu ya nyota.

Sasa tufike Sudani. Tarehe 25 Februari 1952 jua lilipatwa, na njia ya kivuli ilikatiza Afrika ya katikati ikapita Khartoum. Huku kwetu lilifunikwa sehemu tu. Wataalamu wa mataifa mengi walikusanyika Khartoum, penye anga kavu, na Bwana Lyot alikuwa mmoja wao. Mtu aweza kushangaa: aliyejitengenezea mwezi wa chuma anafuata nini huko? Ni kwamba koronagrafu yake, pamoja na sifa zake zote, iliona sehemu ya ndani tu ya taji, iliyo karibu na jua. Sehemu za nje, zilizo hafifu zaidi, zilihitaji mwezi wa kweli. Naye hakuwa mtu wa kujidanganya juu ya mipaka ya chombo chake. Akavumilia joto na mchanga, akafanya kazi yake katika dakika zile tatu.

Hakufika nyumbani. Tarehe 2 Aprili 1952, akiwa njiani kurudi kwao, alipatwa na ugonjwa wa moyo ndani ya gari la moshi karibu na Cairo, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 55.

Hapo wasifu wa mtu huwa umekwisha, lakini wa huyu haujaisha, kwa sababu chombo chake kilianza kazi ya pili ambayo yeye hakuitazamia. Fikirini hivi. Nyota ni jua lililo mbali. Ikiwa lina sayari, sayari hiyo ni nukta hafifu karibu na mwanga mkali, sawa na kimulimuli aliyetua kando ya taa ya lori. Mtu akilitazama jua letu kutoka mbali, dunia yetu ingekuwa na mwanga wa sehemu moja katika sehemu bilioni 10 hivi. Je, hili silo fumbo lile lile la taji, ila gumu zaidi? Na dawa yake ya kwanza ni ile ile: funika kinachong'aa, kisha uikamate pete.

Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Bradford Smith na Richard Terrile, waliifunika nyota iitwayo Beta Pictoris kwa koronagrafu kule Chile, wakaona kumbe imezungukwa na sahani kubwa ya vumbi, mahali ambapo sayari huzaliwa. Nyota hiyo iko umbali wa miaka ya nuru 63 hivi. Mwaka 1995 ilitangazwa picha ya kitu kilicho karibu na nyota Gliese 229, kikubwa kuliko sayari na kidogo kuliko nyota, nacho kilionekana kwa koronagrafu huko California. Lakini hewa yetu hutikisa nuru ya nyota, na nyota inayotikisika haikai nyuma ya kisahani. Ilibidi mafundi waunde vioo vyembamba vinavyojipinda mara mamia kwa sekunde moja ili kuifuata mitikisiko hiyo. Ndipo mwaka 2008 ikatangazwa picha ya sayari tatu zikizunguka nyota moja, HR 8799, na mwaka 2010 ikaongezeka ya nne. Mwaka huo wa 2008 sayari ya Beta Pictoris nayo ilitangazwa, imo ndani ya vumbi lile lile lililoonekana mwaka 1984.

Darubini ya angani iitwayo James Webb, iliyorushwa mwaka 2021, imebeba koronagrafu kadhaa, na mojawapo ina jina la Lyot. Nyingine katika chombo hicho hicho zilitengenezwa na watu wa kituo cha Paris, ambacho Meudon ni sehemu yake. Kwa moja ya hizo, mwezi wa Juni 2025, ilitangazwa picha ya sayari ya nyota TWA 7, yenye uzito kama wa Zohali, nyepesi kuliko zote zilizokwisha kupigwa picha kwa njia hii. Kufikia mwaka huo sayari za nyota nyingine zilizojulikana zilikuwa zimepita 6,000, lakini karibu zote zimejulikana kwa dalili tu, kwa nyota kufifia au kuyumba kidogo. Zilizoonekana zenyewe kwa picha hazikufika hata mia moja.

Katika mwezi kuna shimo kubwa lililopewa jina la Lyot, na katika Mirihi liko jingine, lenye upana wa zaidi ya kilomita 200. Juu ya Pic du Midi imesimama darubini yenye kioo cha mita 2, nayo ina jina lake.

Nitaje moja la mwisho, kwa kuwa laweza kutazamwa kutoka hapa. Mwezi wa Mei au Juni, jioni, ukisimama kilimani Kuluva na kuelekea kusini, utaona nyota mbili ang'avu zikikaribiana, si juu sana ya upeo wa macho. Iliyo ang'avu zaidi ni Alfa Sentauri, jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote zionekanazo kwa macho, miaka ya nuru 4 na kitu. Kwa jicho ni moja, kwa darubini ni mbili. Mwezi wa Agosti 2024 James Webb iliifunika ile kubwa, na baada ya mng'ao wa zote mbili kuondolewa ikabaki nukta moja hafifu, yapata umbali maradufu ya dunia na jua. Wakatazama tena Februari 2025, na tena Aprili 2025, na nukta haikuonekana. Wenye hesabu wanasema kwamba, kama ni sayari kweli, njia yake yaweza kuwa iliirudisha karibu mno na nyota miezi hiyo, hata isiweze kuonekana.